Jiwe Lisiloshika Nyayo

Ukilishindilia Ijumaa, Jumatatu limefumuka. Hivyo ndivyo lilivyokuwa bega la barabara mbele ya nyumba inayoitwa Apsēni, pale kwenye kona, na Tālis Spruģis alikuwa amechoka nalo kama mtu anavyochoka na jino bovu. Huku na huku bega limetulia, limekaza, maji yanateremka mtaroni bila shida. Ila hapo tu, urefu wa ua wa watu, changarawe inakuwa laini kama imepepetwa.

Bega la barabara halisifiwi na mtu. Inayosifiwa ni lami. Bega ni ule ukanda wa mawe na udongo kati ya lami na mtaro, na kazi yake ni kuwepo siku gurudumu litakapokosea. Kwa lugha yetu tunaliita nomale, na neno hilo hilo tunalitumia kwa mahali palipojitenga, pasipofikwa na watu. Sisi tunabana maneno. Tukipata neno moja la kufanya kazi mbili, tunalala tumeridhika.

Vuli iliyopita, kwenye kona hiyo hiyo, lori la maziwa lilikuwa linampisha msichana aliyetoka shule kwa baiskeli. Gurudumu likateremka ukingo wa lami, likakosa pa kushika, lori likalala mtaroni. Dereva alivunjika mkono, na paka wa kijiji kizima walinenepa wiki ile. Watu walicheka sana habari ya paka. Tālis hakucheka, maana yeye ndiye aliyeinyanyua ile baiskeli kutoka kwenye nyasi, na aliona ilikuwa karibu kiasi gani na matairi.

"Mimi nasema ni nguruwe pori," alisema Modris, dereva wa rola, siku walipokuja kulishindilia tena.

"Nguruwe wanachimba. Hawalainishi."

"Basi ni marehemu wa makaburini. Wamechoka kulala, wanatoka kunyoosha miguu."

"Modris, panda rola."

"Napanda, bosi. Lakini tukikutana nao, wewe ndiye utakayewasalimia. Mimi wananidai."

Tālis alikuwa msimamizi wa matengenezo wa kipande hicho cha barabara tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mkewe, Skaidrīte, alikuwa amezikwa makaburini, kwenye kilima cha misonobari, mwendo mfupi kutoka Apsēni, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumuuliza umerudi saa ngapi. Siku za kazi alikuwa na Modris na mdomo wake. Jumamosi alijifulia. Jumapili ndiyo iliyomshinda. Jumapili mchana, akishakula viazi vyake na maziwa mgando, kuta zilikuwa zinamwangalia, naye akawa anachukua gari na kwenda kukagua barabara ambayo hakuna aliyemtuma aikague.

Siku zote alisimama kwenye kona ya Apsēni. Alilaza ubao wake ulionyooka juu ya lami, akapima ukingo umeshuka kiasi gani, kisha akabaki amesimama karibu na sanduku la barua, akitazama moshi wa bomba la jiko la Apsēni. Moshi wa nyumba ya mtu mwingine una kitu chake. Unajua ndani kuna mtu, ametia ukuni, atatia mwingine. Akishautazama vya kutosha, alirudi kwenye gari. Hakuwahi kufungua lango.

Wako watu duniani wasemao mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni akija, mwenyeji hutulia kwanza nyuma ya pazia mpaka abishe mara ya pili, na mgeni, kwa kulijua hilo, haji.

Jumamosi moja ya mwanzo wa kiangazi alifika kona ile asubuhi, mvua ikinyesha manyunyu, ili achukue mfuko wa changarawe wa kupeleka kupimwa. Akamwona mzimu wake. Alikuwa Hermīne wa Apsēni mwenyewe, Shangazi wa kijiji kizima, kitambaa kichwani, aproni kiunoni, mikononi reki ya mbao. Alikuwa anaipiga reki changarawe ya barabara huku akirudi kinyumenyume, taratibu, na mbele yake mistari ikibaki imenyooka kama nywele zilizotoka kuchanwa.

Kwetu Jumamosi ni siku ya reki. Ua unapigwa reki, na baada ya ua, makaburi. Kaburini unaondoka kinyumenyume ukifuta hatua zako mwenyewe, maana kuacha nyayo kwenye mchanga wa marehemu ni aibu kama kula kwa watu ukaacha sahani chafu mezani. Hilo Tālis alilijua tangu utotoni. Ambalo hakulijua ni kwamba mtu anaweza kutoka na reki yake nje ya lango na kuendelea nayo mpaka kwenye lami ya serikali.

"Mungu akusaidie, Shangazi!" akamwambia, kama inavyopasa kumwambia mtu aliye kazini.

"Asante, msaada unahitajika," akajibu Hermīne, kama inavyopasa kujibu, wala hakusimamisha reki.

"Kwa hiyo ni wewe unayenifumulia bega langu."

"Bega lako! Mimi nafumua? Nasafisha. Ninyi mnapita na lile dude lenu, mnapaacha kama mgongo wa ng'ombe mwenye upele. Mtu akipita atasema Apsēni hakuna mwanamke."

"Shangazi, hii inatakiwa ikaze. Unapoipiga reki unaitoa udongo wake unaoishikamanisha. Inabaki mawe matupu. Gurudumu likishuka hapa linazama."

"Najua. Kila kitu kinazama hapa." Akasimama, akaegemea mpini, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Ndiyo maana naipiga. Njoo uone, Tālis. Wewe mtu wa barabara, utanielewa."

Akampeleka kando ya sanduku la barua. Palikuwa na kipande kidogo ambacho reki haikukifikia bado, kimefunikwa kwa gunia lililokatwa ili mvua isikiharibu. Hermīne akainama kwa shida, akalinyanyua gunia kwa vidole viwili.

"Soma," akasema.

Chini yake palikuwa na nyayo za viatu vya mwanamume. Zilitoka kwenye lami, zikafika mahali, zikasimama zote mbili sambamba zikitazama nyumba, zimezama kama mtu aliyekaa hapo kitambo. Kisha zikageuka, zikarudi.

"Ni Egils," akasema Hermīne. "Mwanangu."

Tālis alimkumbuka Egils, kijana mwenye masikio ya kusimama, aliyeondoka kwenda Ayalandi na wenzake wengi. Baba yake alipofariki alichelewa, akafika watu wameshamaliza kufukia. Mama yake alimngoja hapa hapa langoni. Uchungu ulikuwa umempanda kichwani, akamwambia asikanyage tena ua wa Apsēni. Kijana aligeuza gari pale pale.

"Nilimwambia asikanyage," akasema Hermīne. "Naye hakanyagi. Unaona? Anafika mpaka hapa, mwisho wa ua, hapiti hata kidole. Mkaidi kama mimi. Anakuja Jumapili mchana kwa sababu anajua mama yake analala akishakula. Wanasema amerudi, yuko Riga anafanya kazi. Mimi simuulizi mtu. Kwa nini niulize? Nasoma mwenyewe."

"Basi siku hiyo usilale," Tālis akasema.

"Nikitoka akakimbia je? Acha aje hivi hivi. Siku moja atakanyaga ndani."

Tālis aliendelea kuzitazama zile nyayo. Ya kushoto ilikuwa imelika kisigino upande wa nje, kwa sababu mwenye kiatu aliwahi kuangukiwa na jiwe mguuni na tangu hapo anatembea ameukwepesha. Kiatu chenyewe kilikuwa nyumbani, chini ya kochi. Siku hiyo, kwa ajili ya mvua, Tālis alikuwa amevaa viatu vya mpira.

Hakumwambia ni vya nani. Alitia changarawe yake kwenye mfuko, akaaga, akaondoka. Njiani ilimbidi asimamishe gari, maana alikuwa hazioni alama za barabarani.

Jumatatu Ilvija, mhandisi wa mjini, alimpigia simu. Fungu la pesa za mabega ya barabara limetoka. Kipande chote cha kona na mbele yake, mpaka njia ya makaburini, kifumuliwe na kiwekwe vitu vipya kabla ya sikukuu ya makaburi, kwa kuwa siku hiyo magari yanaegeshwa bega zima kutoka bondeni mpaka kilimani.

"Vitu gani, chagua wewe," akasema Ilvija. "Wewe ndiye unayelala na hiyo barabara."

"Silali na kitu," akasema Tālis, na Ilvija akacheka akidhani ni utani.

Kwenye uwanja wa karakana palikuwa na marundo matatu. La kwanza lilikuwa changarawe ya shimo la hapo karibu, ile ile iliyokuwepo. Nzuri kwa macho, mviringo, rangi ya asali. Lakini jiwe la mviringo halimshiki mwenzake. Kila moja lina adabu zake, linakaa peke yake, likisukumwa linasogea kumpisha anayesukuma. Tālis aliwahi kumwambia Modris kuwa changarawe hiyo ni raia halisi wa nchi hii. La pili lilikuwa lami kuukuu iliyokwanguliwa barabara kuu, nyeusi, inayonata jua likiwaka. Hiyo ilikataliwa mapema, maana kisima cha Apsēni kiko karibu na mtaro na hakuna anayetaka kunywa chai ya lami. La tatu lilikuwa dolomiti, jiwe jeupe lililosagwa machimboni, lenye pembe kali, pamoja na unga wake.

Tālis alichota dolomiti mkononi, akainyunyizia maji, akafumba ngumi. Alipofumbua, tonge lilikuwa limeshikana kama ugali wa jana. Ule unga ndio siri. Ukinunua mawe bila unga umenunua kelele tu. Lakini unga ukiwepo wa kiasi, na pembe zikiingiana, ukatia maji, ukapitisha rola, bega linakuwa kama sakafu. Lori litashuka na kupanda. Baiskeli itapita.

Na mtu akisimama juu yake kutwa nzima, hapataonekana kitu.

"Bosi, unaliangalia hilo jiwe kama unataka kulioa," akasema Modris. Tālis alikuwa amemwambia habari ya reki, si habari ya viatu. "Kama ni kwa ajili ya bibi, mwachie changarawe yake pale mbele ya lango. Dolomiti huku, dolomiti kule, katikati bibi achezee. Nani atajua?"

"Baiskeli itajua."

Modris akanyamaza. Kwa Modris hilo lilikuwa jambo kubwa.

Usiseme Tālis alikuwa na mashaka juu ya jiwe. Jiwe alishalichagua aliponyanyua ile baiskeli kwenye nyasi. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba atammwagia mama wa watu jiwe juu ya mwanawe, na mwanawe mwenyewe hayupo, na yule aliyepo ni yeye. Akiweka dolomiti na kunyamaza, Hermīne ataamini Egils anakuja na haonekani tena, na atamlaumu Tālis mpaka kufa. Hilo alikuwa tayari kulibeba. Akisema ukweli, Hermīne atabaki bila mtu. Aliligeuza jambo hilo huku na huku, na kila upande lilikuwa na pembe.

Jumapili alivaa viatu vyake vya kazini, akaenda, akafungua lango. Alikuwa amepanga maneno tangu asubuhi.

Hermīne alimfungulia hata kabla hajabisha mara ya pili. "Ingia, ingia. Vua viatu, vimelowa. Kahawa ipo."

Tālis akavua viatu mlangoni, kama kila mtu anavyovua, akaketi mezani na soksi yake iliyotoboka kidole. Hermīne akakata mkate mweusi, akaweka jibini lenye mbegu za bizari. Kisha akarudi mlangoni, akaviokota vile viatu ili avisogeze karibu na jiko vikauke. Alikuwa anaongea habari ya nyuki wa jirani. Akaongea, akaongea, akanyamaza.

Alipogeuka alikuwa ameshika kiatu cha kushoto, soli juu. Alipitisha kidole gumba kwenye kisigino, pale kilipolika.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema.

"Ni mimi, Shangazi."

"Jumapili zote hizo?"

"Karibu zote."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Napima ukingo wa lami."

"Kupima hakuzamishi mtu namna ile. Nimezisoma zile nyayo, Tālis. Yule mtu alikuwa amesimama."

Maneno yote aliyoyapanga yalikuwa yametawanyika. "Nilikuwa naangalia moshi wako," akasema.

Hermīne akaweka kiatu karibu na jiko, sambamba na mwenzake, akavinyoosha vikae sawa. Ilimchukua muda. Kisha akamimina kahawa.

"Ungeingia," akasema.

"Sikutaka kusumbua."

"Kumsumbua nani?"

Walikunywa kahawa. Saa ya ukutani ilifanya kazi yake. Alipoanza kueleza habari ya dolomiti, Hermīne alimkatiza kwa kiganja.

"Weka jiwe lako," akasema. "Weka tu. Sasa sina cha kusoma."

Wakati anavaa viatu aliiona reki imesimama ukumbini. Alipopita langoni siku chache baadaye, ilikuwa imetundikwa ndani ya banda, juu, mahali ambapo mwanamke mzee haifikii bila ngazi.

Walifanya kazi nzuri, na hili lazima lisemwe. Greda ilikwangua changarawe ya zamani, wakamwaga dolomiti, wakaipa mteremko wa kuelekea mtaroni, wakainywesha maji, Modris akapita na rola huku akiimba vibaya. Jua lilipoikausha, bega likang'aa jeupe kuzunguka kona yote, limekuja sawa na lami hata ubao haukupata pa kuchungulia. Msichana wa baiskeli alipita juu yake, akarudi, akapita tena kwa furaha tu. Hermīne alitazama kutoka dirishani. Tālis alinyoosha mkono kumsalimu, na pazia likatulia.

Jumapili zilizofuata hakwenda. Aliona haya. Mtu akishakukuta umesimama nje ya nyumba yake kama mwizi wa moshi, unarudi kwa uso upi? Alikaa na kuta zake. Ndivyo tulivyo, na ukituuliza kwa nini, tutasema hatutaki kusumbua.

Sikukuu ya makaburi ikafika. Siku hiyo kilima kizima kinajaa watu. Wanatoka mijini, wanatoka ng'ambo, wamebeba maua na mishumaa, mchungaji anasoma majina, bendi inapiga, na watu ambao mwaka mzima hawakupigiana simu wanasimama bega kwa bega juu ya marehemu wao. Tālis alipiga reki mchanga wa Skaidrīte, akaweka maua aliyoyapenda, akaondoka kinyumenyume. Alimwona Hermīne kwenye benchi kando ya kaburi la mumewe, peke yake, nguo nyeusi, mikono magotini. Alimvulia kofia. Hermīne aliinamisha kichwa. Wimbo wa mwisho ulikuwa bado.

Tālis hakungoja wimbo. Alishuka kwa miguu kulifuata gari lake bondeni, akipita kwenye bega lake jeupe, magari yameegeshwa juu yake mstari mzima na hakuna hata moja lililozama. Alijisikia vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Ndipo akafika kona ya Apsēni.

Gari moja lilikuwa limesimama mbele ya sanduku la barua, usukani wake uko upande usio wa kwetu, kama magari ya Ayalandi. Na mbele ya gari, ukingoni kabisa mwa ua, alikuwa amesimama mwanamume mwenye maua mkononi, masikio yamesimama, nywele zimeanza kumtoka. Anatazama nyumba. Bomba halikuwa na moshi.

Tālis akasimama ng'ambo ya barabara. Yule mtu akageuka. Wakatazamana.

Sentensi moja tu ilihitajika. Mama yako yuko makaburini, kwenye benchi. Hata mtoto angeisema. Ilimfika Tālis mpaka kooni. Lakini hapo hapo akawaza, huyu mtu ana siri yake, amekuja na aibu yake, mimi ni nani niingie katikati? Anaijua njia ya makaburini. Atabisha, atakuta kimya, atapanda kilimani mwenyewe. Haifai kumshika mtu mkono kwenye jambo kama hilo. Akavua kofia. Egils akaitikia kwa kichwa. Na Tālis, ili asimtie haya zaidi, akageuza uso upande wa shamba, akaendelea na safari yake kwa adabu zote.

Alikuwa ameshapita kona aliposikia mlango wa gari. Mlio wa injini haukupanda kuelekea makaburini. Uliteremka kuelekea barabara kuu, ukapungua, ukaisha.

Alirudi mbio kadiri mguu wake ulivyomruhusu. Mbele ya sanduku la barua dolomiti ilikuwa nyeupe, kavu, ngumu, haina kitu. Maua hakuyaacha. Tālis alipiga magoti, akapitisha kiganja juu ya jiwe alilolichagua yeye mwenyewe. Lilikuwa na joto la jua tu.

Akamngoja Hermīne pale pale. Jirani alimshusha kwa gari, akaaga, akaondoka.

"Shangazi, Egils alikuwa hapa."

Hermīne alimtazama kwa muda. Kisha akatazama chini, kuanzia lami mpaka langoni, taratibu, kama msomaji anayetafuta mstari alioishia.

"Hapa?"

"Hapa hapa. Alikuwa na maua. Nimemwona kwa macho yangu."

"Ukamwambia nini?"

Tālis akakunja kofia yake mikononi. "Nilimvulia kofia."

"Ulimvulia kofia," akasema Hermīne. "Na alama zake ziko wapi?"

"Jiwe hili halishiki alama, Shangazi."

"Ndiyo. Ulianza kuniambia." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomkata Tālis. "Wewe ni mtu mwema, Tālis. Ulinihurumia mara ya kwanza ukanyamaza. Ukanihurumia mara ya pili ukasema. Usinihurumie mara ya tatu. Mimi ni mzee, sina nguvu za kuhurumiwa hivyo."

"Shangazi, naapa..."

"Nenda nyumbani."

Akaingia, akafunga mlango. Baada ya kitambo moshi ukaanza kutoka. Majuto ni mjukuu, wasema wazee, huja baadaye. Kwa Tālis yalikuja pale pale, yakapanda gari pamoja naye, yakala naye viazi vya jioni. Aliuliza Riga, aliuliza kila aliyemjua aliye Ayalandi. Hakuna aliyekuwa na namba ya Egils iliyoita.

Jumamosi iliyofuata hakuweza kufua. Akachukua gari. Kabla hajafika kona alishusha kioo, na akausikia mlio. Ulikuwa mkavu, wa kukwaruza, unakatika na kuanza tena. Akaliegesha gari mbali, akaendelea kwa miguu.

Ngazi ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa banda. Mbele ya lango, kitambaa kichwani na aproni kiunoni, Hermīne alikuwa anaipiga reki dolomiti. Meno ya mbao yalirukaruka juu ya jiwe, mawili yameshavunjika, na nyuma yao hapakubaki mstari wowote. Hata hivyo alikuwa anarudi kinyumenyume, taratibu, akigeuza kila pigo la reki pale linapopaswa kugeuzwa, kutoka mtaroni kuelekea sanduku la barua.

Tālis akaelewa kwamba Hermīne alikuwa amemwamini. Alimwamini tangu siku ile ile, labda tangu aliposikia habari ya maua.

Kiatu chake cha kushoto kiligonga jiwe. Dolomiti haishiki nyayo, lakini inazipa sauti. Hermīne akageuka upesi, upesi kuliko inavyowezekana kwa umri wake, na uso aliomgeuzia ulikuwa uso wa kumlaki mtu wake, uso ambao Tālis hajawahi kugeuziwa na mtu tangu Skaidrīte afe. Ulikaa kwa kitambo kifupi. Kisha Hermīne akaona ni nani.

"Aa," akasema. "Ni wewe."

Akarudi kwenye reki yake.

Wakati mwingine wowote Tālis angevua kofia na kwenda zake. Mkono ulishafika kwenye kofia. Akaushusha.

"Kahawa ipo, Shangazi?" akauliza.

Reki ilikwaruza, ikakwaruza tena. Bado palikuwa na sehemu kabla ya sanduku la barua, na Hermīne si mwanamke wa kuacha kazi katikati.

"Ipo," akasema bila kugeuka. "Subiri nimalize."

Tālis akasimama juu ya jiwe lake jeupe, akasubiri amalize.